Homoni Ile Ile, Njia Tofauti: Namna Usafirishaji Unavyoumba Mmea

Mabibi na mabwana, walimu, wanafunzi, nanyi wapenda bustani mlioacha shughuli zenu kuja kunisikiliza, nawasalimu.

Nianze na jaribio la zamani. Mwaka 1878 mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Hermann Vöchting, alichapisha matokeo ya kazi yake ya kukata matawi ya mwerebi na kuyaning'iniza mahali penye unyevu. Vipande vingine aliviacha vimesimama kama vilivyokuwa mtini, vingine akavipindua juu chini. Vile vilivyosimama vilitoa mizizi chini na machipukizi juu, jambo ambalo halikumshangaza mtu. Vilivyopinduliwa vilifanya mambo. Mizizi ilitoka kwenye ncha ile iliyokuwa ya chini kabla ya kukatwa, ingawa sasa ilielekea juu, na machipukizi yakatoka kwenye ncha ya juu ya zamani, ingawa sasa ilikuwa inaning'inia. Kikate kipande hicho tena, kila nusu itarudia hivyo hivyo.

Maana yake tawi linajua upande wake wa chini hata likigeuzwa, na ujuzi huo haumo mizizini wala kileleni, kwa kuwa vipande vile havikuwa na mizizi wala kilele. Umo katika seli zenyewe, moja moja. Ilichukua karibu karne nzima kupata maelezo yake, na maelezo hayo ndiyo mazungumzo yangu ya leo. Hoja yangu ni kwamba tukitaka kuelewa kwa nini mmea una umbo ulilo nalo, tusiulize tu homoni gani ipo. Tuulize imepita wapi, imetoka upande gani wa seli, na imerundikana wapi.

Homoni nitakayoizungumzia zaidi ni auksini. Ni molekuli ndogo sana, na kwa kemia yake ni ndugu wa triptofani, moja ya asidi amino zinazojenga protini. Mwaka 1934, Fritz Kögl na wenzake katika mji wa Utrecht, Uholanzi, waliipata ikiwa safi, na waliipata katika mkojo wa binadamu. Msicheke. Mkojo ulikuwa unapatikana kwa wingi na una auksini ya kutosha, ilhali ncha za mimea zina kiasi kidogo mno cha kuweza kuchujwa kwa vifaa vya wakati ule.

Lakini kabla mtu hajajua ni kitu gani, watu walikwisha kujua kwamba kinasafiri. Charles Darwin na mwanawe Francis, katika kitabu walichokitoa mwaka 1880, waliotesha miche ya nyasi za kanari na kuimulika kwa upande mmoja. Miche ikapinda kuelekea kwenye mwanga. Walipoifunika ncha peke yake kwa kofia isiyopitisha mwanga, miche haikupinda, ingawa sehemu inayopinda iko chini ya ncha na ilikuwa wazi kabisa. Wakasema kuna athari fulani inayoshuka kutoka nchani. Peter Boysen-Jensen wa Denmark akaendeleza, akakata ncha na kuirudisha juu ya kipande cha jelatini: ujumbe ulipita. Akaingiza ulanga, ule unaong'aa na usiopitisha maji, upande wa kivuli: ujumbe ukakatika, na mche haukupinda. Alipoingiza ulanga upande wa mwanga, mche ulipinda kama kawaida. Kwa hiyo kitu hicho kinayeyuka, na kinashuka upande wa kivuli.

Kisha akaja Frits Went, pale pale Utrecht, aliyefanya jambo zuri zaidi ya yote kwa maoni yangu. Alikata ncha za miche ya oti, akazilaza juu ya vipande vya agari, aina ya jeli, kwa muda, akazitupa. Halafu akachukua vile vipande vya agari, vitupu, na kuviweka kando kidogo juu ya mche uliokatwa kichwa, gizani. Mche ukapinda, na kadiri agari ilivyolaliwa na ncha nyingi ndivyo mche ulivyopinda zaidi, mpaka kufikia kikomo fulani. Matokeo hayo aliyatoa kwa ukamilifu mwaka 1928. Angalieni alichokifanya: alipata njia ya kupima kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona.

Hapa naomba niwageukie walimu. Bado kuna vitabu vya shule vinavyosema kwamba mwanga unaharibu auksini upande unaomulikwa, ndiyo maana upande wa kivuli unakua haraka zaidi. Nimesahihisha mitihani mingi yenye jibu hilo na sikuwa na raha kulikata, maana mwanafunzi ameandika alichofundishwa. Winslow Briggs wa Marekani alilijaribu suala hili kwenye miche ya mahindi mwaka 1957. Alikusanya auksini inayotoka kwenye ncha zilizomulikwa upande mmoja na zile zilizokuwa gizani, akaipima. Jumla ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mgawanyo: upande wa kivuli ulitoa nyingi, upande wa mwanga kidogo. Alipoigawa ncha kwa kiambaza chembamba toka juu hadi chini, tofauti hiyo ikatoweka, kwa sababu auksini haikuweza kuvuka. Haikuharibiwa, imehamishwa tu. Kama mtaondoka hapa na jambo moja la kwenda kufundisha, chukueni hilo.

Inahamishwaje basi? Sehemu hii ina kemia kidogo, vumilieni.

Auksini ni asidi dhaifu, na asidi dhaifu hubadilika kulingana na mahali ilipo. Palipo na uchachu, inashikilia haidrojeni yake na kubaki haina chaji. Uchachu ukipungua, inaiachia haidrojeni hiyo na kubaki na chaji hasi. Sasa, ukuta wa seli ya mmea una uchachu, pH yake, yaani kipimo cha uchachu, ni karibu 5.5, wakati ute wa ndani una pH ya karibu 7. Fanyeni hesabu mtaona kwamba pale ukutani takriban molekuli 15 katika kila 100 hazina chaji, na hizo zinaweza kupenya utando wa seli, ambao ni wa mafuta, bila kusaidiwa na yeyote. Zikishaingia, uchachu haupo tena, na karibu zote zinaachia haidrojeni. Zinazobaki bila chaji hazifiki hata 1 katika 100. Chenye chaji hakipenyi mafuta. Basi auksini imeingia, na kutoka haiwezi.

Ifikirieni nyumba ambayo mtu anaweza kuingilia dirisha lolote, la kila upande, lakini mlango wa kutokea uko kwenye ukuta mmoja tu. Panga nyumba kama hizo kwa safu, milango yote ikitazama upande mmoja. Hata kama kila aliyemo ndani anatangatanga ovyo, umati mzima utasogea kuelekea upande wa milango. Hakuna anayewaongoza. Mwelekeo umo katika namna milango ilivyopangwa.

Hilo ndilo walilolipendekeza Philip Rubery na Rupert Sheldrake wa Cambridge mwaka 1974, na John Raven naye akalifikia kwa njia yake mwaka uliofuata. Walisema lazima kuna protini za kuitoa auksini nje, na lazima ziwe zimekaa upande wa chini wa seli za shina. Zingatieni kwamba hakuna aliyekuwa ameziona protini hizo. Walizikisia kutokana na tabia ya asidi na utando peke yake.

Protini zenyewe zilipatikana kwa njia ya ajabu. Kuna mmea mdogo wa jamii ya haradali unaoitwa Arabidopsis, ambao wanasayansi wa mimea wanautumia sana katika maabara. Mwaka 1991 watafiti wa Japani walieleza kuhusu mimea yake iliyokuwa na hitilafu ya kurithi: shina la maua lilirefuka kama kawaida, lakini halikuwa na maua wala chochote ubavuni, uchi kama pini. Jeni iliyoharibika ikapewa jina la PIN. Watu walikuwa wanajua pia kwamba mmea mzima, ukilishwa kemikali inayozuia usafirishaji wa auksini, hutoa shina la uchi vivyo hivyo. Mwaka 1998 jeni hiyo ikasomwa, protini yake ikatafutwa ndani ya shina kwa darubini, na ikakutwa pale pale ilipotabiriwa: upande wa chini wa seli, na si kwingineko. Miaka 24 baada ya makisio. Katika biolojia si mara nyingi utabiri wa namna hiyo unatimia kwa usafi kiasi hicho.

Sasa tunajua Arabidopsis ina PIN za aina 8, zinazotajwa kwa namba; ile ya kwanza ndiyo PIN1. Mwaka 2022 maabara tatu tofauti, zikifanya kazi sambamba, zilionyesha maumbo ya baadhi ya protini hizo atomi kwa atomi, zikiwa zimeishika auksini, na ikaonekana pia jinsi ile kemikali ya kuzuia inavyokalia nafasi ya auksini ndani yake. Ziko pia protini za kuingiza, hasa AUX1, ambayo huharakisha kuingia pale ambapo mmea unataka auksini ichukuliwe haraka. Ziko nyingine ziitwazo ABCB, ambazo hazikai upande mmoja kwa ukali kama PIN; nitazirudia baadaye kwa sababu zimo shambani.

Mtu anaweza kuuliza, na aulize: je, PIN kukaa chini ndiko kunakosababisha mwelekeo, au ni alama tu inayofuatana nao? Kundi la Jiří Friml lilijibu mwaka 2006 kwa jaribio ambalo napenda kulisimulia. Mizizi isiyo na PIN2 hupotea. Haijui chini ni wapi. Watafiti waliipa mizizi hiyo PIN1 badala yake, katika seli zile zile za nje. PIN1 ya kawaida ilikaa upande wa chini wa seli, na mizizi ikabaki imepotea. Wakaweka PIN1 iliyobadilishwa kidogo, ambayo kwa sababu ya badiliko hilo ilikaa upande wa juu, mahali ambapo PIN2 ingekaa. Mizizi ikaanza kuelekea chini. Protini ni karibu ile ile na seli ni zile zile, tofauti ni upande iliokaa.

Mizizi imetufikisha kwenye uvutano wa dunia. Auksini hushuka katikati ya mzizi hadi nchani, halafu hugeuka na kupanda kupitia tabaka za nje kurudi nyuma kidogo, mahali seli zinaporefuka. Pale nchani kuna seli zenye punje nzito za wanga. Ukiulaza mzizi, punje hizo zinazama upande mpya wa chini, na ndani ya dakika chache PIN za seli hizo zinaanza kuhamia upande huo huo. Mwaka 2023 watafiti walionyesha kiungo kilichokuwa kimekosekana: protini za familia iitwayo LAZY hushikamana na punje za wanga, na punje zinapozama, protini hizo huhamia kwenye utando wa karibu na kuanza kuita protini nyingine. Auksini inarundikana upande wa chini, na mzizi unapinda.

Ila kuna jambo linalowachanganya wengi hapa. Shina lililolazwa nalo hurundika auksini upande wa chini, lakini lenyewe hupinda kwenda juu. Auksini ni ile ile. Katika shina inazichochea seli kusukuma haidrojeni kwenye kuta zao, kuta zinalegea, maji yanaingia, seli inarefuka. Katika mzizi kiasi hicho hicho kinazuia kurefuka. Ndiyo sababu mimi sipendi kabisa ule msemo wa mkato kwamba auksini ni homoni ya kukuza. Inategemea imefika wapi, imekuta seli ya namna gani, na ni kiasi gani. Tangu 2005 tunafahamu kwamba ndani ya seli auksini hufanya kazi kama gundi: inaishikamanisha protini iitwayo TIR1 na protini nyingine zinazozuia jeni fulani zisifanye kazi. Zikishashikwa, vizuizi hivyo huvunjwavunjwa, na jeni zinaachiwa. Jeni zipi, hilo huamuliwa na historia ya seli yenyewe.

Tuje kwenye kilele cha shina, ambako mimi binafsi naona usafirishaji unafanya kazi yake nzuri kuliko zote. Chunguzeni mmea wowote wenye majani ya mzunguko, alizeti kwa mfano. Kila jani jipya linatokeza likiwa limeachana na lililotangulia kwa pembe ya karibu digrii 137.5. Watu wamelitazama jambo hili kwa karne nyingi na kulipamba kwa hesabu na hata kwa falsafa. Maelezo yake ya kibiolojia yalikuja mwaka 2000, kutoka kwa Didier Reinhardt na Cris Kuhlemeier wa Uswisi na wenzao. Waliichukua ile mimea yenye mashina ya uchi kama pini, wakaweka tone la auksini ubavuni mwa kilele. Pale pale lilipowekwa tone, ua likachipuka. Walifanya hivyo hivyo kwenye vilele vya nyanya vilivyozuiwa kwa kemikali, na jani likaota.

Basi kilele chote kina uwezo wa kutoa jani. Kinachokosekana ni auksini ya kutosha mahali pamoja. Katika kilele kizima, PIN1 za tabaka la nje huelekea kwa jirani mwenye auksini nyingi zaidi, kwa hiyo palipo na ziada panazidi kupata, na jani linaanza. Jani hilo changa linaifyonza auksini ya eneo lililolizunguka na kuipeleka ndani ya shina. Karibu yake hapabaki kitu. Jani linalofuata halina budi kuota mbali na majani yaliyopo, mahali ambapo auksini imeweza kujikusanya tena. Mkirudia utaratibu huo kwenye kilele kinachoendelea kukua, pembe ile inajitokeza yenyewe; programu za kompyuta zilizoandikwa kwa kanuni hiyo tangu 2006 zinaipata. Hakuna seli yoyote inayopima digrii.

Na ile auksini iliyoingizwa ndani ya shina? Inachora mishipa. Tsvi Sachs wa Jerusalem alifanya kazi hii kwa wembe na auksini tu. Alikata mashina ya njegere, akaweka auksini ubavuni, akangoja. Mshipa mpya ukajengeka kutoka penye auksini hadi kwenye mshipa uliokuwapo. Akadai kwamba seli inayopitisha auksini nyingi inazidi kuwa hodari wa kuipitisha, hadi mkondo uliokuwa mpana unakusanyika katika safu nyembamba ya seli, na safu hiyo ndiyo inayogeuka kuwa mshipa. Kisha akaona jambo lingine: kama mshipa wa zamani ulikuwa tayari umejaa auksini inayoshuka kutoka juu, mshipa mpya ulikataa kujiunga nao. Shikeni hilo, tutalihitaji sasa hivi.

Mtazamo huu una ugumu wake, niseme wazi. Katika tabaka la nje la kilele, PIN1 zinatazama kwa jirani mwenye auksini nyingi. Ndani, katika mishipa, zinafuata mkondo, hata ukielekea mahali pengine. Kanuni mbili kwa protini moja, katika seli zilizo jirani. Wapo wanaodai kwamba kanuni moja inatosha kueleza yote mawili, na wanaonyesha hesabu zao. Mimi sijashawishika, naona mmea unatumia kanuni mbili na hauoni aibu.

Sasa kwa wale wanaopogoa. Kila mtu anajua kwamba ukikata kilele, macho ya pembeni yaliyolala kwapani mwa majani yanaamka. Mwaka 1933 Kenneth Thimann na Folke Skoog walionyesha kwamba ukiweka auksini mahali pa kilele kilichokatwa, macho yanaendelea kulala. Ikaandikwa vitabuni kwamba auksini inashuka na kuyazuia macho. Shida ni kwamba auksini inayoshuka kutoka juu haiingii ndani ya macho hayo. Inapita shinani, inaendelea na safari yake. Ukiweka auksini moja kwa moja juu ya jicho, haizuii kama inavyotarajiwa. Inazuiaje kitu isichokigusa?

Hapo ndipo lile la Sachs linaposaidia. Jicho nalo linatengeneza auksini yake, na ili liamke lazima liweze kuitoa kwenda kwenye shina na kujenga mshipa. Kama shina limejaa auksini ya kilele, jicho halina pa kuitolea. Kata kilele, shina linapata nafasi, jicho linafungua njia yake. Aina nyingine ya homoni, strigolaktoni, inaingilia kati. Nyingi yake hutengenezwa mizizini na kupanda juu, na moja ya kazi zake ni kuondoa PIN1 kwenye utando wa seli za shina, hivyo ushindani wa kupata nafasi unakuwa mkali na macho machache tu ndiyo yanayofaulu. Mimea isiyoweza kuitengeneza inatoa matawi kupita kiasi. Kazi yake hii katika matawi ilitambuliwa mwaka 2008, ingawa molekuli yenyewe ilijulikana tangu 1966 kwa sababu mbaya: mizizi huivujisha udongoni ili kuwaita kuvu wanaoisaidia kupata fosforasi, na mbegu za kiduha, gugu linalonyonya mimea mingine, nazo zinaisikia, zinaota, na kuuvamia mzizi.

Lakini mwendo wa auksini ni wa polepole, kama sentimita 1 kwa saa. Kilele cha mmea wa urefu wa mita 1 kikikatwa, habari ya kukatwa kwake ikiletwa na auksini itachukua siku nne kufika chini. Macho hayangoji siku nne. Kundi la Christine Beveridge la Australia liliripoti mwaka 2014 kwamba katika njegere macho ya chini yanaanza kukua kabla upungufu wa auksini haujayafikia, na linaloyaamsha kwanza ni sukari. Kilele kilikuwa mlaji mkubwa; kilipoondoka, sukari ikasambaa kwenye macho kupitia floemu, yaani mishipa inayosafirisha chakula, kwa kasi kubwa kuliko auksini. Kwa hiyo sukari inayaamsha, na auksini inaamua ni yapi yatakayoendelea. Namna hii ya maelezo haiingii vizuri kwenye swali la mtihani lenye majibu manne ya kuchagua, lakini ndivyo mambo yalivyo.

Homoni nyingine nitazipitia haraka. Saitokinini nyingi hupanda na maji katika zailemu, yaani mishipa ya maji, na mizizi huzitumia kuliarifu shina kwamba naitrojeni ipo. Ethilini ni gesi, haihitaji mlango wa aina yoyote. Ile homoni ya maua ambayo Mikhail Chailakhyan wa Urusi aliidai miaka ya 1930 ilibainika mwaka 2007 kuwa protini ndogo inayotengenezwa katika majani na kusafiri kwenye floemu hadi kileleni. Kila moja ina njia yake. Ila ni auksini peke yake inayobebwa seli kwa seli katika mwelekeo uliopangwa na seli zenyewe, na nadhani ndiyo maana imekabidhiwa kazi ya umbo.

Mpaka hapa huenda mkulima aliyepo anajiuliza yanamhusu nini haya yote. Yanamhusu tangu zamani, bila yeye kujua. Unga ule wa kuotesha mizizi kwenye vipandikizi ni auksini ya kutengenezwa. Mmea hupeleka auksini yake kwenye ncha ya chini iliyokatwa, nasi tunaiongezea. 2,4-D, dawa ya magugu iliyoingia sokoni miaka ya 1940, ni auksini bandia ambayo mmea hauwezi kuivunja wala kuigawa kwa urahisi kama ile ya asili, na magugu yenye majani mapana yanakua hovyo hadi kufa.

Lakini mfano ninaoupenda ni mtama. Mtama mfupi unaovunwa kwa mashine ulitokana na uteuzi wa mimea iliyofupika yenyewe mashambani, na moja ya jeni zilizoteuliwa inaitwa dw3. Kwa mahindi ipo ya aina hiyo, br2, ambayo hufupisha pingili za chini na kuzinenepesha. Kwa miongo mingi zilitumika bila mtu kujua zinafanya nini. Mwaka 2003 ikagundulika kwamba zote mbili ni jeni moja ya ABCB, wale wasafirishaji niliowaahidi kuwarudia. Auksini inashuka shinani kwa shida, na pingili hazirefuki. Yaani wazalishaji wa mbegu walikuwa wanachagua hitilafu ya usafirishaji kwa macho tu. Na katika dw3 hitilafu hiyo ni kipande cha jeni kilichojirudia mara mbili, ambacho mara chache hujirekebisha chenyewe. Ndiyo sababu katika shamba la mtama mfupi, uliopandwa kwa mbegu safi kabisa, hutokeza hapa na pale mmea mrefu unaozidi wenzake, na muuzaji wa mbegu analaumiwa kwa kuchanganya.

Mpunga nao una DRO1, ya ile familia ya LAZY. Mwaka 2013 Yusaku Uga na wenzake wa Japani waliihamisha jeni hiyo, kwa kuzalisha tu, kutoka kwenye mpunga wa nchi kavu wa Ufilipino kwenda kwenye IR64, aina yenye mizizi isiyokwenda chini. Pembe ya mizizi ikabadilika, mizizi ikaelekea chini zaidi, na katika ukame mpunga huo ukatoa mavuno ambapo IR64 ya kawaida ilishindwa. Hawakuongeza idadi ya mizizi. Walibadilisha namna mzizi unavyoitikia uvutano, yaani namna unavyogawa auksini kati ya upande wa juu na wa chini. Kwa sasa watafiti wa mazao kadhaa wanazitafuta ndugu zake, na kama kuna mwanafunzi humu ndani anayetafuta mada ya shahada ya uzamili, mizizi ya mtama bado ina kazi nyingi sana ya kufanywa.

Asanteni. Nimeambiwa tuna muda wa maswali. Kipaza sauti kiko upande wa kushoto.